Kuandika riwaya kama wito wa Kikristo: niendelee hata kama haitauzwa?

Mwandishi wa Ngamiani, Tanga

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu, na salamu pia kwa wasomaji wa imani nyingine mliomo humu.

Naomba ushauri katika jambo linalonielemea. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika riwaya nyakati za usiku, baada ya kazi yangu ya ukarani na baada ya watoto kulala. Kisa chake kinatokea katika shamba la mkonge nje ya mji wa Tanga, katika miaka ile ambayo bei ya mkonge ilikuwa imeporomoka kwa sababu ya kamba za plastiki, korona, yaani mitambo ya kusindika mkonge, zikawa zinasimama moja baada ya nyingine, na familia za wale waliokuja zamani kama manamba, vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma na Songea zikabaki kambini bila mahali pa kurudi. Mhusika mkuu ni mtunza hazina wa usharika mdogo wa Kilutheri uliomo kambini humo. Ni mtu anayeaminiwa na kila mmoja, naye anachukua fedha za ujenzi wa kanisa, kidogo kidogo, kwa sababu ambazo mwanzoni ni za huruma na baadaye si za huruma tena. Mjane mmoja anayeuza mihogo langoni mwa shamba anajua, na ananyamaza.

Naiona kazi hii kuwa wito. Kanisani kwetu tumefundishwa tangu utotoni kwamba Martin Luther alikataa kuwagawa Wakristo katika makundi mawili, la mapadre na watawa wenye wito, na la watu wengine wenye kazi tu. Kwamba mama anayelea mtoto na mkulima aliye shambani wanamtumikia Mungu pale pale walipo. Ninachojiuliza ni kama mafundisho hayo yanamhusu pia mtu anayebuni watu wasiokuwapo na kuwapa maneno ambayo hawakuyasema.

Ninavutwa pande mbili. Mchapishaji mmoja alisoma sura za mwanzo, akanipigia simu kuisifu lugha, kisha akasema kwamba yuko tayari kunilipa iwapo nitaigeuza kuwa hadithi ya kufuatana, inayotumwa kwa simu kipande kwa kipande kwa wanaolipia, na iwapo mjane atakuwa kijana zaidi na atakuwa na uhusiano wa siri na mtunza hazina. Kila kipande, alisema, lazima kiishie kwenye jambo la kumshtua msomaji. Upande wa pili, mzee mmoja wa kanisa ninayemheshimu sana alisikitika aliposikia habari za mswada huu. Aliniuliza kwa nini niitangaze aibu ya kanisa mbele ya watu wasio wa imani yetu, hasa katika mji kama wetu ambamo tunaishi na Waislamu wengi. Akanishauri kwamba, ikiwa ni lazima niandike, basi mtunza hazina atubu mbele ya usharika wote katika sura ya mwisho na fedha zirudishwe.

Naombeni mnisaidie kufikiri. Je, wito unanitaka niandike bila kujali malipo kabisa? Je, unanilazimisha kumaliza kwa toba? Na nitajuaje kwamba ni wito kweli, wala si tamaa ya kuona jina langu juu ya jalada?

---

Mwalimu Mstaafu, Muheza

Mwanangu, Mungu akubariki kwa kuuliza kabla ya kutia saini.

Nimefundisha Kiswahili na fasihi katika shule za sekondari za mkoa huu mpaka nilipostaafu, nami ni Mwanglikana wa hapa Muheza, karibu na misheni ya Magila, kwa hiyo utaniwia radhi nikianzia nyumbani. Wamisionari wa UMCA, chama cha misheni cha Kianglikana kutoka Uingereza, waliojenga Magila walikuwa na askofu aitwaye Edward Steere, ambaye wengi wanamkumbuka kwa kazi yake ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1870, kabla hajawa askofu, alichapisha London mkusanyiko mkubwa wa hadithi za Unguja, hadithi za masultani, majini na yule paa wa Sultani Darai, akiwa ameziandika kama alivyosimuliwa na wenyeji wenyewe. Mtu yule yule aliyekesha akitafuta neno sahihi la Injili alikesha pia akisikiliza hadithi za paa anayesema. Sidhani kwamba aliziona kazi hizo mbili kuwa maadui, na wala sisi hatuna sababu ya kuziona hivyo.

Sasa nije kwenye Maandiko, kwa sababu mzee wako wa kanisa atataka kusikia kutoka huko, naye ana haki. Nabii Nathani alipotumwa kwa Mfalme Daudi, baada ya Daudi kumchukua mke wa Uria na kupanga Uria auawe, hakuanza na shtaka. Alianza na kisa cha tajiri mwenye kondoo wengi na maskini mwenye mwanakondoo mmoja aliyekula chakula cha bwana wake na kulala kifuani pake. Kisa hicho kilikuwa cha kubuni. Daudi alikasirika kwa haki, akamhukumu mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, na hukumu hiyo ikamrudia mwenyewe. Shtaka lililonyooka lingemkuta mfalme akiwa na majibu tayari, lakini kisa kilimkuta bila ngao. Kwa hiyo swali lako la kama mtu anaweza kumtumikia Mungu kwa kubuni watu wasiokuwapo lilikwisha kujibiwa katika nyumba ya Daudi, na baadaye likajibiwa tena na Bwana mwenyewe, ambaye hakutuambia jina la Msamaria wala la mwana mpotevu kwa sababu hawakuwa na majina ya kutajwa.

Kuhusu mtunza hazina mwizi, nashangaa kwamba mzee wetu hakukumbuka Yohana 12. Mmoja wa wale Thenashara ndiye aliyeshika mfuko, naye alikuwa akichukua vilivyotiwa humo. Waliotuandikia Injili walilijua jambo hilo, waliishi miongoni mwa watu waliowadhihaki, na bado waliliandika. Tena katika Luka 16 yumo wakili dhalimu, ambaye bwana wake anamsifu kwa busara yake, mfano ambao umewasumbua wahubiri mpaka leo. Bwana hakuogopa kutuachia mfano mgumu.

Na kuhusu mwisho wa riwaya yako, soma tena Luka 15 mpaka mstari wa mwisho. Mwana mdogo amerudi, ndama amechinjwa, ngoma zinasikika, na kaka mkubwa yuko nje amekasirika. Baba anatoka, anamsihi, anasema maneno yake, na hapo mfano unakoma. Hatuambiwi kama kaka aliingia. Ninaposoma mahali hapo sidhani kamwe kwamba Bwana alisahau kumalizia. Naona kwamba Mafarisayo waliokuwa wakimsikiliza ndio walioachiwa mlango wazi. Wewe ukimlazimisha mtunza hazina atubu kwa sababu tu sura zimekwisha, utakuwa umemtendea kama kikaragosi, na msomaji ataifahamu toba hiyo kuwa ni ya mwandishi, si ya mtu yule. Akitubu, atubu kwa sababu njia aliyopita inampeleka hapo. Asipotubu, andika ukweli wa mtu asiyetubu, nao ni ukweli mzito pia.

Jambo la mwisho kutoka kwangu, nalo nalisema kwa ukali wa mwalimu. Wito hauwi kibali cha kuandika ovyo. Nimesoma miswada mingi ya Wakristo wema ambayo haikuwa na kosa la imani hata moja, na ambayo haikusomeka. Dorothy L. Sayers, Mwingereza aliyejulikana kwa hadithi za upelelezi na ambaye alikuwa Mkristo wa dhati, alisema katika hotuba ya mwaka 1942 kwamba Kanisa humwambia seremala asilewe na aje ibadani Jumapili, ilhali jambo la kwanza ambalo dini yake inamdai ni kwamba atengeneze meza nzuri. Kama unaandika kwa ajili ya Bwana, basi sentensi zako zikaguliwe mara nyingi kuliko za yule anayeandika kwa ajili ya soko. Tena mkoa wetu umetoa kipimo. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, alikuwa Mwislamu na karani wa serikali kama wewe ulivyo karani. Aliandika kwa ajili ya adili na kwa ajili ya lugha, na alipofariki mwaka 1962 baadhi ya riwaya zake zilikuwa bado hazijachapishwa. Hakuna mstari wake unaoonyesha kwamba alipunguza uangalifu kwa sababu malipo yalichelewa.

---

Katekista, Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo.

Nakubaliana na Mwalimu karibu katika yote, lakini nataka kukaa kidogo kwenye hofu ya yule mzee, kwa kuwa hapa Bagamoyo tunaishi nayo kila siku.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa kutoka Unguja mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Wageni wanaokuja kuona misheni huonyeshwa mbuyu, kanisa, makumbusho, na mahali mwili wa David Livingstone ulipolazwa mwezi Februari mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Wanapenda kisa kinachokwenda moja kwa moja, kwamba mtumwa alikombolewa, akabatizwa, akafurahi, basi. Nami nilipoanza kuandika michezo ya kuigiza kwa ajili ya vijana wa parokia, niliombwa kisa cha namna hiyo hiyo. Lakini ukitulia na kufikiri juu ya mtoto aliyeletwa kutoka bara, aliyenunuliwa mara ya pili ingawa mara hii ni kwa ajili ya kuachiliwa, aliyepewa jina jipya, ratiba ya kengele, kazi ya shamba na mwenzi wa ndoa kutoka miongoni mwa waliokombolewa wenzake, unaona kwamba shukrani yake, kama alikuwa nayo, haikuwa nyepesi. Si wote waliobaki. Wengine waliondoka kwenda kutafuta maisha kwingine, na kuondoka kwao ni sehemu ya historia ya Kanisa hapa sawa na kubaki kwa wenzao.

Hadithi ya kubuni inaweza kumwingia mtoto yule moyoni mahali ambapo daftari la ubatizo haliwezi kufika. Daftari linaandika jina na tarehe. Halisemi alikuwa akimwota nani usiku. Mwandishi Mkristo anayejaza pengo hilo kwa furaha tupu anamnyima mtoto yule haki yake kwa mara nyingine, na mimi naliona hilo kuwa dhambi, ingawa ni dhambi inayopigiwa makofi. Kwa hiyo ninapokuambia usiipambe riwaya yako kwa toba ya haraka, sisemi kwa sababu ya sanaa peke yake. Nasema kwa sababu watu wa kambi za mkonge walikuwapo kweli, wana wajukuu wanaoishi Tanga leo, na wanastahili kuelezwa kwa ukweli.

Kule Marekani aliishi mwandishi Mkatoliki, Flannery O'Connor, aliyefariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 39 baada ya kuugua kwa muda mrefu. Aliishi katika shamba la mama yake huko Georgia na kuandika hadithi zilizojaa watu wakali, wapotovu na wahubiri wa uongo, hata waumini wenzake wakamlalamikia kwamba haandiki mambo ya kujenga. Jibu lake, kwa kifupi, lilikuwa kwamba imani haimwondolei mwandishi wajibu wa kuutazama ulimwengu ulivyo, bali inamwongezea. Nampenda kwa sababu hakuomba radhi, wala hakuacha kwenda Misa.

Umeuliza utajuaje kama ni wito. Sina kipimo kikubwa. Angalia kama kazi hii inakufanya uwaone watu wa mtaani kwako kwa upendo zaidi au kwa dharau zaidi. Mwandishi anayepanda daladala na kumwona kila abiria kuwa ni malighafi ya kitabu chake amekwisha kupotea, hata kama anaandika maisha ya watakatifu. Angalia pia kama watoto wako wanalala wakiwa wameshiba maneno yako wao kwanza. Tamaa ya jina usiisubiri iishe ndipo uandike, kwa maana haitaisha. Iungame kila inapokuja na uendelee na sura iliyo mbele yako.

---

Msomaji wa Pangani

Assalaam aleikum. Mimi ni Mwislamu na ni msomaji tu, si mwandishi, lakini kwa kuwa sisi Waislamu wa Tanga tumetajwa katika swali, naona si vibaya nikisema neno.

Mzee wa kanisa ana hofu kwamba tutaliona kanisa lenu vibaya. Naomba umfikishie salamu zangu za heshima na umwambie kwamba hakuna mtu wa pwani ambaye hajawahi kusikia habari za mweka hazina aliyepotea njia, awe wa msikiti, wa chama cha ushirika au wa kikundi cha kufa na kuzikana. Riwaya yako haitatufundisha kwamba Wakristo huiba. Ikiandikwa vizuri itanikumbusha kwamba mimi nami nimewahi kushika mfuko wa watu, na kwamba ningeweza.

Ninachokuomba ni kingine. Katika vitabu vingi vya dini nilivyosoma vilivyoandikwa na ndugu zetu Wakristo, Mwislamu hutokea ama kama mganga wa majini, ama kama baba mkali anayemzuia binti yake, ama kama mtu anayengoja kubatizwa. Katika kambi za mkonge walikuwamo mafundi wa korona, madereva wa trekta na wapishi waliokuwa Waislamu, waliosali sala zao, waliofunga Ramadhani huku wakifanya kazi nzito, na waliochangia mazishi ya jirani Mkristo bila kuulizwa. Ikiwa mtu wa namna hiyo yumo kambini mwako, mpe maneno yake mwenyewe. Kama mjane anahitaji mtu wa kumwambia siri yake, pengine si lazima awe mtu wa usharika.

---

Mhariri wa Vitabu, Dar es Salaam

Nawashukuru wote waliotangulia. Mimi ni mtoto wa Chumbageni niliyehamia Dar es Salaam kwa ajili ya kazi ya uhariri, na nimeona pande zote mbili za jambo hili, kwa hiyo naomba niseme juu ya fedha, ambazo hazijazungumzwa vya kutosha.

Dada, usikubali kufundishwa kwamba kazi ikiwa ya Mungu basi haina bei. Bwana mwenyewe alisema kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake, na Paulo, aliyeshona mahema ili asiwalemee watu, aliwaandikia Wakorintho waziwazi kwamba alikuwa na haki ya kulipwa hata kama hakuitumia. Kuacha haki yako kwa hiari ni jambo moja, na kunyang'anywa kwa sababu hukuijua ni jambo jingine. C. S. Lewis, mwandishi Mkristo wa Uingereza, aliuza vitabu vingi mno, nasi tunajua kwamba sehemu kubwa ya mapato ya vitabu hivyo aliitoa kuwasaidia wenye shida. Wingi wa wasomaji wake haukuwa pingamizi kwa wito wake. Angeandika vile vile hata kama wangekuwa wachache, na nadhani hapo ndipo penye tofauti tunayoitafuta. Jiulize: je, mjane wako angekuwa na umri ule ule hata kama hakuna anayekulipa? Kama jibu ni ndiyo, basi umri wake si wa kuuza.

Hata hivyo natofautiana kidogo na wanaodhani kwamba hadithi ya kufuatana ni kitu duni kwa asili yake. Fyodor Dostoyevsky, mwandishi Mrusi na Mkristo wa Kiorthodoksi ambaye labda hakuna aliyeandika juu ya dhambi na toba kwa kina kumzidi, alitoa riwaya zake kubwa sehemu kwa sehemu katika majarida, akiwa na madeni shingoni, na wasomaji walikuwa wakisubiri toleo lijalo. Sharti la kumshtua msomaji kila baada ya kurasa chache ndilo linaloua. Mshtuko ukitoka ndani ya kisa, hauna ubaya. Ukipachikwa, msomaji atazoea na atadai mkubwa zaidi, nawe utaishia kuandika kisa ambacho hukukusudia.

Dostoyevsky huyo huyo anatufundisha kuhusu mikataba. Mwaka 1865, akiwa amebanwa na wadai, alitia saini mkataba na mchapishaji aliyeweka sharti kwamba asipokabidhi riwaya mpya kabla ya Novemba 1866, mchapishaji huyo angepata haki ya kuchapisha kazi zake zote kwa miaka 9 bila kumlipa. Aliokoka kwa kuajiri mwandishi wa hati mkato na kuisimulia riwaya fupi kwa mdomo katika siku 26. Si kila mtu ataokoka hivyo.

Kwa hapa kwetu, fahamu mambo yafuatayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu siku unapoandika, na ulinzi huo unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, hata kama hujasajili popote. Hata hivyo kusajili kwa COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kunakupa ushahidi ukitokea mgogoro. Ukichapisha mwenyewe, namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Yapo pia mashirika ya uchapishaji ya makanisa, kama lile la misheni ya Ndanda, Central Tanganyika Press ya Dodoma, na katika mkoa wako mwenyewe Vuga Press ya Soni, yenye mizizi ya Kilutheri. Lakini uliza mapema kama wanapokea riwaya, kwa sababu kazi nyingi za mashirika ya namna hii ni vitabu vya ibada na mafundisho. Na usiidharau Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa kila mwaka tangu 2023. Riwaya ni miongoni mwa nyanja zake, na huko hakuna atakayekudai ubadilishe umri wa mjane. Katika nchi yetu riwaya nyingi zinazouzwa kwa wingi ni zile zinazosomwa shuleni, kwa hiyo mswada uliohaririwa vizuri, wenye Kiswahili safi na kisa chenye uzito, hauko mbali na soko kama mchapishaji wako anavyokuogopesha.

---

Mwandishi wa Ngamiani, Tanga

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Nimesoma majibu haya mara kadhaa, na jana jioni nilimsomea yule mzee wa kanisa sehemu aliyoandika Mwalimu kuhusu Yohana 12. Alikaa kimya, kisha akaniambia nimletee sura za mwanzo azisome mwenyewe. Hajakubali, wala sitarajii akubali kila kitu, lakini amekubali kusoma, na kwangu hilo ni jambo kubwa.

Nimeamua kwamba mjane atabaki kuwa mwanamke mzee, na hatakuwa na uhusiano wowote wa siri. Ndugu yangu wa Pangani, umenipa kitu ambacho sikuwa nacho. Fundi wa korona yumo tangu sura ya pili lakini alikuwa akipita tu nyuma ya wengine. Sasa ndiye atakayeambiwa siri, na ukimya wake utakuwa tofauti na ukimya wa mjane, kwa kuwa yeye hana la kupoteza usharika ukivunjika, ila ana jirani wa kupoteza. Kuhusu mwisho, nimeiondoa toba ya hadharani niliyokuwa nimeianza kwa kumridhisha mzee. Mtunza hazina atafika mlangoni kwa mjane na daftari la mahesabu mkononi. Bado sijajua kama atabisha hodi, na nitaandika mpaka nijue.

Kwa Katekista, nimelipokea neno lako kuhusu watoto, na nimepunguza usiku mmoja wa kuandika katika wiki.

Ninalo swali moja lililobaki kwa Mhariri. Mchapishaji amenijibu kwamba yuko tayari kuyaacha mabadiliko ya kisa, lakini mkataba wake unasema atamiliki "haki zote za kazi hii katika namna zote zilizopo na zitakazokuwapo", filamu na tafsiri zikiwamo, bila kutaja muda. Malipo ni ya mara moja. Anasema ndivyo mikataba yote ilivyo.

---

Mhariri wa Vitabu, Dar es Salaam

Si yote iliyo hivyo, dada yangu, na huo usiutie saini kama ulivyo.

Mwombe abadilishe ili umruhusu kuchapisha kwa namna mbili tu, kitabu cha karatasi na hadithi ya simu, kwa lugha ya Kiswahili pekee, na kwa muda unaotajwa, mathalani miaka 5, ambao baada yake haki zinarudi kwako. Filamu, mchezo wa redio na tafsiri zibaki kwako mpaka mtakapokubaliana upya kwa maandishi. Badala ya malipo ya mara moja, dai mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya mauzo, kwa kila nakala na kwa kila anayelipia kwenye simu, pamoja na taarifa ya mauzo angalau mara mbili kwa mwaka. Akitaka kukupa kiasi cha awali, kihesabiwe kuwa sehemu ya mrabaha huo. Ongeza kifungu kwamba asipochapisha ndani ya miezi 18 mkataba unakoma wenyewe, na kingine kwamba hakuna badiliko la kisa, wahusika au mwisho litakalofanywa bila idhini yako ya maandishi, kwa sababu ahadi ya kuyaacha mabadiliko aliyokupa kwa mdomo haitakulinda akiajiri mhariri mwingine.

Akikataa vyote, mshukuru na uondoke na mswada wako. Akikubali baadhi, niletee rasimu mpya niisome kabla ya siku ya kusaini, usajili mswada COSOTA kabla ya siku hiyo pia, na siku ya kusaini usitoke ofisini mwake bila nakala yako yenye saini za pande zote mbili.